Nilichagua maabara ili nisiongee na watu

Leo nimepiga goti kupokea kikopo cha choo kikubwa.

Mnajua nilipata nafasi mbili za shahada, fiziotherapia na sayansi ya maabara, na leo ndiyo mwisho wa kuthibitisha moja. Nilishaamua maabara kwa sababu ya aibu kidogo: sipendi kuongea na watu. Shangazi yangu, mtaalamu wa maabara kwenye zahanati huku Mungaa, akasema nikae naye asubuhi moja kwanza.

Kumbe sampuli haziji zenyewe. Zinaletwa na watu.

Shangazi akanipa kikopo nimpelekee babu mmoja aliyekuwa kwenye benchi nje.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikataja ukoo mzima, halafu nikakwama. Mtu umeshamwamkia shikamoo, unamwombaje kinyesi?

"Babu, tunahitaji kidogo... kile cha... tumboni."

"Mjukuu wangu, unataka mavi?"

Benchi zima likacheka.

"Si useme! Kwani huko shule mlikuwa hamwendi chooni?"

Aliporudi alinikabidhi kikopo kwa mikono miwili. Goti langu likashuka lenyewe. "Asante sana, babu."

Majibu yake niliyasubiri kwa hofu kubwa kuliko matokeo yangu ya kidato cha sita. Ni minyoo tu. Nikatoka mbio kumwambia, kabla Shangazi hajanituma.

Nimethibitisha maabara sasa hivi, ingawa ile sababu yangu haipo tena.

Mlioko kazini, hebu nisaidieni: wazee mnawaombaje?