Tangi la sukuma linalowarudisha wasichana uwanjani

Ni saa kumi na mbili asubuhi, na jua la Kakuma bado halijaanza kuchoma. Ndani ya tangi la saruji, nyuma ya bustani ya mboga, wasichana sita wamesimama huku maji yakiwafika kifuani. Ukingoni, Ashley Nekesa amekunja suruali hadi magotini. Anapuliza filimbi.

"Ruka! Sasa tua polepole. Josiane, goti lisiingie ndani!"

Josiane anaruka, anatua, anacheka. Mwaka mmoja uliopita hakuweza kwenda msalani bila kushikwa mkono.

Nekesa, 38, mzaliwa wa Bungoma, ni mtaalamu wa fiziotherapia mjini Lodwar, alikohamia miaka tisa iliyopita. Siku za kazi huwahudumia walioanguka na pikipiki na wazee waliopata kiharusi. Kila Ijumaa jioni husafiri kilomita 120 hivi hadi Kakuma, na Jumamosi nzima ni ya wasichana wa mpira. Halipwi.

"Msichana akiumia goti alikuwa anapewa dawa ya maumivu, basi. Mpira umeishia hapo," anasema. "Mimi nilicheza voliboli hadi goti likanikatalia nikiwa na miaka 22. Hakuna aliyenifundisha jinsi ya kutua."

Josiane, 19, ni mkimbizi kutoka Burundi anayeishi Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma. Aliumia akitua baada ya kuruka kupiga mpira wa kichwa kwenye uwanja wa changarawe. Kano ya goti ilichanika nusu. Madaktari walisema hahitaji upasuaji, ila miezi mingi ya mazoezi. Lakini kila akikanyaga chini, maumivu yalimrudisha kitandani.

"Nilimwambia mama auze viatu vyangu vya mpira," anakumbuka.

Nekesa alijua njia nyingine. "Maji yakimfika mtu kifuani, miguu hubeba kama theluthi moja tu ya uzito wake," anaeleza. Bwawa la kuogelea halikuwepo. Lililokuwepo ni tangi la kikundi cha wakulima wa mboga.

Siku ya kwanza Josiane alikataa kuingia, kwa kuwa hajui kuogelea. Nekesa akatangulia.

"Nikaona daktari ameingia na nguo zake zote," anasema Josiane. "Nikasema, kama ni kufa, tunakufa wawili."

Wiki ya pili mambo yaliharibika. Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya mfereji walilalamika, na mzee Lomenen, mwenyekiti wa kamati ya maji, akalifunga tangi kwa kufuli.

"Ejok, daktari," alimsalimu Nekesa kwa Kiturkana. "Watu wanapanga mitungi, wewe unaweka wasichana ndani ya maji wanacheza. Hapana."

Nekesa hakubishana. Aliomba afunguliwe tangi kwa saa moja tu. Mbele ya mzee, Josiane alitembea juu ya ardhi kwa magongo, akikunja uso kila hatua. Kisha akaingia majini na kuzunguka tangi lote bila kushika kitu.

Nekesa akaeleza kwamba maji yale hujazwa kila baada ya siku tatu kwa ajili ya bustani. Wasichana wangeoga kwanza nyumbani na kuingia bila mafuta mwilini, kisha maji yaleyale yangefunguliwa kwenda kwenye mboga za sukuma wiki. Hakuna mtungi hata mmoja ambao ungepotea.

Lomenen akampa ufunguo.

"Huyu mtoto nje alikuwa anatembea kama ngamia amevunjika mguu," anasema leo. "Kwa maji alitembea kama mtu. Mimi ningesema nini?"

Sasa timu nzima ya Josiane hufanya mazoezi hapo kwa zamu, hata wasioumia. Msimu uliopita wachezaji saba waliwekwa nje kwa majeraha ya goti. Msimu huu ni mmoja.

Mwezi jana Josiane alirudi uwanjani. Dakika ya sabini mpira ulikuja juu, naye akaruka. Msichana alitua kwa miguu miwili, magoti yakielekea mbele bila kuingia ndani, akaendelea kukimbia.

"Tulifungwa mbili kwa moja," anasema Nekesa huku akicheka, "lakini nilirudi Lodwar kama mtu aliyebeba kombe."

Anatafuta tangi la pili huko Lodwar, kwa ajili ya wasichana wanaokimbia mbio ndefu. Hapa Kakuma ameanza kumfundisha Josiane kazi yake.

"Mwaka ujao nataka yeye ndiye awafundishe wenzake," anasema. "Mimi nikae pembeni, ninyamaze, nimwangalie."