Dirisha la Tatu

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kuandika mabango, na watu wote wa mpakani, huku na kule, walimwita Brashi. Jina lake la kuzaliwa lilisomwa siku ya kumzika, na waombolezaji wengine wakaulizana huyo naye ni nani. Ukiona kibao mjini kwetu kinasema KINYOZI, MBWA MKALI au USIKOJOE HAPA, jua ni mkono wake. Na ukiingia nchi ya jirani ukakuta KINYOZI na USIKOJOE HAPA kwa herufi zilezile zenye miguu minene, usishangae, ni yeye tena. Kwa miaka mingi ushirikiano wa nchi hizi mbili ulikuwa yeye na ngazi yake.

Zamani mpaka wetu ulikuwa kamba. Kamba ya katani, imefungwa mti huu na mti ule. Askari wa huku na askari wa kule walikalia benchi moja wakisikiliza redio moja. Ukifika unasema, "Shikamooni wakubwa," wanakujibu, "Marahaba, inama upite." Unainama, unapita. Mke wa mjomba, yaani mkazamjomba wangu, aliolewa kutoka ng'ambo kwa kuinama hivyo hivyo, na masufuria yake kichwani. Tulikuwa tumeungana wala hatuna habari.

Ndipo ukaja Ushirikiano. Jamani!

Wakubwa wa nchi zote mbili walikutana hotelini, wakakumbatiana mbele ya kamera, wakatangaza kwamba kuanzia siku hiyo majirani ni ndugu na mpaka si kitu. Na ili kuthibitisha kwamba mpaka si kitu, wakajenga ukuta, wakaweka geti la chuma, na katikati wakasimamisha jengo kubwa la vioo, Kituo cha Pamoja. Kamba ikakatwa, benchi likatupwa. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi siku ya ufunguzi nilichukua kapu langu vizuri tu. Lilirudi tupu, na miguu imevimba kwa foleni.

Mjomba ndiye aliyepewa kazi ya mabango yote ya kituo. Alifurahi mpaka akanyoa ndevu. Mimi nilikuwa msaidizi wake, nashika ngazi na kukoroga rangi, na ndiyo kazi niliyobaki nayo hadi leo. Kituo kilikuwa na madirisha matatu. Juu ya la kwanza akaandika WATU. Juu ya la pili akaandika MIZIGO. La tatu akaambiwa asubiri.

Asubiri nini? Kamati ya pamoja ilikuwa haijakubaliana. Upande mmoja ulitaka liitwe dirisha la WAGENI. Upande wa pili ukasema hilo ni tusi, kati ya ndugu hakuna mgeni, basi liandikwe NDUGU. Hapo mwanasheria akaruka kutoka kitini: ndugu hurithiana, je, kesho hawa wakija kudai mashamba? Kikao kikaahirishwa. Kikaendelea kuahirishwa mwaka hadi mwaka, kila mara katika hoteli nzuri kuliko ile ya kwanza.

Lakini karani wa dirisha hilo alikuwa ameshaajiriwa. Huyu hakuwa wa nchi yetu wala wa nchi ya jirani, alikuwa wa Ushirikiano wenyewe. Akapewa kiti, muhuri na kalenda. Asubuhi anafungua dirisha, anakaa, anatazama watu wanavyoungua na jua kwenye foleni ya WATU, jioni anafunga. Tukambatiza jina la Bwana Subiri. Hakuwa mtu mbaya, maskini. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiwasaidie wenzake walau kugonga mihuri.

"Nimhudumie nani, dada yangu?" akanijibu. "Hebu soma juu yangu."

Juu yake kulikuwa na ubao mweupe. Na kanuni yenyewe tuliiandika sisi, mjomba na mimi, ukuta mzima wa ukumbi: HUDUMA ITATOLEWA KWA KUFUATA MAANDISHI YALIYO JUU YA DIRISHA. Nukta ya mwisho niliiweka mimi.

Mjomba aliamini iko siku watakubaliana. Chini ya kitanda chake alihifadhi kopo la rangi ya buluu, mfuniko umekazwa kwa mpira wa baiskeli, rangi ya dirisha la tatu. Mwaka mmoja tuliishiwa rangi tukiwa na kibao cha saluni, nikalichukua lile kopo nichovye kidogo tu. Weee! Nusura anitandike na ngazi.

"Hiyo ni rangi ya watu!" akafoka. "Wakikubaliana kesho nitaandikia nini, mate?"

"Mjomba, hawa hawakubaliani ng'o."

"Una roho mbaya, mpwa wangu. Nyumba ya ndugu haijengwi siku moja."

Sikuwa na roho mbaya, nilikuwa na macho. Nilimwona kwa macho hayo hayo akisota getini kutwa nzima kwa sababu dirisha la WATU lilimruhusu yeye, na dirisha la MIZIGO likaizuia brashi yake. Mkono uvuke, brashi ibaki. Na unajua alikuwa anakwenda kuandika nini upande wa pili wa ukuta? MAJIRANI NI NDUGU. Walipomwachia jioni alicheka hadi machozi. Mimi hasira zilinikaba nikashindwa hata kula.

Basi akafa, na akafia hukohuko ng'ambo, akiandika ukuta wa shule. Walimu walisema alishuka ngazi, akaomba maji, akakaa chini, moyo ukasimama. Mimi na mkazamjomba tulivuka kumfuata. Seremala wa kule, ambaye kibao chake kiliandikwa na mjomba bure, alitengeneza jeneza bure naye akilia. Dereva mmoja akatoa pikapu yake. Tukapakia na vitu vya marehemu: mfuko wa brashi, na lile kopo la buluu, maana alikuwa halitoi mkononi siku zile, alisikia kuna kikao. Ngazi haikuenea, tukaiacha imeegemea ukuta wa shule.

Huku nyumbani kaburi lilikuwa tayari, pembeni ya kaburi la mama yake. Alikuwa hachoki kutuambia, "Mimi mnizike kwa mama." Jua lilikuwa kali na mwili haujui kusubiri. Mkazamjomba alikuwa na jambo moja tu moyoni: mume wake alale kwa mama yake leo, kabla jua halijazama.

Tukafika Kituo cha Pamoja. Mkazamjomba akaenda dirisha la WATU na karatasi ya hospitali.

"Msafiri yuko wapi?" akauliza afisa.

"Yumo ndani ya gari, baba. Ni marehemu mume wangu."

"Mwambie aje mwenyewe dirishani."

"Baba, nimesema ni marehemu."

Afisa akashusha pumzi ndefu, kama anayeongea na mtoto. "Mama, mkataba unatoa uhuru wa watu kutembea. Huyu anatembea?"

"Hatembei."

"Basi siyo wa hapa. Nenda kwa wenzangu wa MIZIGO."

Mama wa watu akaenda, kilemba kimemlegea, mimi nyuma yake nimeuma meno. Afisa wa MIZIGO alitoka nje kabisa, akaizunguka pikapu, akaligonga jeneza kwa kalamu yake. Loo, nilitamani kuivunja ile kalamu.

"Mbao hii ina cheti cha wadudu?"

"Sijui, baba."

"Ni ya biashara au ya matumizi binafsi?"

Mkazamjomba akaweka kiganja pale kalamu ilipogonga. "Ya matumizi ya nyumbani," akasema.

"Na kilichomo ndani?"

"Mume wangu."

"Hapana, hapo siwezi. Mtu si mzigo, mama, tutakuwa tumemvunjia heshima. Rudi WATU."

Tukarudi WATU. WATU wakaturudisha MIZIGO. Maafisa wakapigiana simu, na madirisha yao yametenganishwa na ukuta wa kioo tu, wanaonana! Kila mmoja alikuwa na huruma, kila mmoja alisema "pole sana, mama", na kila mmoja alikuwa na sheria. Vivuli vilianza kurefuka. Mkazamjomba akaketi kwenye ngazi za kituo, akaweka mkono shavuni. Hakulia. Alisema polepole, "Mwenzenu huyu ndiye aliyewaandikia hata hayo madirisha."

Ndipo nilipouinua uso nikaona ile kanuni ukutani, na nukta yangu mwishoni. Nikaenda kwenye pikapu, nikachukua brashi, nikachukua kopo, nikaukata ule mpira wa baiskeli kwa meno. Rangi ilikuwa mbichi kama imenunuliwa jana. Nikaenda moja kwa moja dirisha la tatu. Ubao ulikuwa juu, na ngazi yetu iko shuleni.

Bwana Subiri alinitazama, akaitazama brashi, akatazama kushoto na kulia. Kisha akasimama, akatoka na kiti chake, kile alichokikalia miaka yote, akakiweka chini ya ubao. "Panda," akasema, "mimi nitashika."

Nikapanda. "Mkazamjomba!" nikaita. "Niandike nini?"

"Andika alivyo."

Nikaandika MAREHEMU. Herufi za miguu minene, kama alivyonifunza. Afisa wa WATU akatoka mbio akipiga kelele, nani kaidhinisha, nani kaidhinisha? Bwana Subiri alikuwa ameshaingia ndani na kukaa. Akaijibu serikali nzima kwa neno moja.

"Imeandikwa."

Afisa akausoma ubao, akarudi dirishani kwake. Ilikuwa imeandikwa juu ya dirisha.

"Anayefuata!" akaita Bwana Subiri, sauti imekwaruza, maana hajawahi kuitumia. Mkazamjomba akaweka karatasi. Karani akachovya muhuri, akagonga, pakatoka kavu. Wino ulikuwa umekauka siku nyingi. Basi nikamsogezea kopo. Akachovya kwenye rangi ya mjomba, akagonga kwa nguvu dirisha likatikisika, na ukaonekana wote, mviringo na mikono miwili inayopeana salamu, wa buluu. Geti likafunguliwa. Tulimzika mjomba kwa mama yake, jua likiwa bado linaonekana.

Sasa unadhani nilikamatwa? Thubutu! Kufuta neno juu ya dirisha la pamoja kunahitaji kikao cha pamoja, na kikao kiliahirishwa. Mkutano mkuu uliofuata, wakubwa wakaja kupiga picha chini ya ule ubao, na mmoja wao akahutubia kwamba hii ni hatua kubwa, ni kituo cha kwanza kuwa na dirisha mahsusi kwa ajili ya waliotutangulia. Makofi. Maiti wa nchi zote mbili wakaanza kupita hapo bila bughudha, muhuri mmoja, hakuna foleni, hakuna swali. Kwa walio hai mambo ni yaleyale.

Juzi mkazamjomba alipata habari kwamba dada yake wa ng'ambo anaumwa sana na anamuulizia. Nikamsindikiza. Tulisimama foleni ya WATU tangu asubuhi, na tulipofika dirishani afisa akasema mtandao uko chini, tuje kesho, au kesho kutwa. Mkazamjomba akamwomba, dada yake anaweza asifike hiyo kesho. Afisa akasema pole sana, mama. Mgongo unamsumbua mkazamjomba siku hizi, akashindwa kuondoka, akaketi palepale kwenye ngazi za kituo alipoketi siku ile.

Bwana Subiri alimwona. Akatoa kichwa dirishani, na uso wake ulikuwa na aibu ya kweli.

"Mama yangu," akasema, "Mungu ni shahidi, mimi ningekupitisha sasa hivi. Lakini..." Akainua macho kuutazama ubao, akayashusha. "Lakini wewe bado."

Mkazamjomba akajishika magoti, akainuka, akajifunga kanga yake vizuri.

"Usijali, mwanangu," akamwambia. "Nitakuja. Wewe usifunge dirisha tu."