Joto la Kawaida

Uongozi wa hoteli umetangaza rasmi kwamba joto la chumba cha kupigia pasi ni la kawaida, na asiyelimudu atatafutiwa nafasi kwingine, yaani nyumbani kwake. Mpiga pasi wa mashuka, mama aliyefikia ukomo wa hedhi, humeza kidonge chake cha homoni asubuhi, ameacha kahawa, na hupanda ngazi lifti ikimsubiri bure. Joto likimpanda shingoni, huegemea bomba la maji baridi huku akikunja foronya, pindo kwa pindo. “Shoga, hili si la pasi,” huninong'oneza mimi ninayepiga pasi kando yake. “Hili nimekuja nalo.” Jana meneja aliyetia saini tangazo, mwanamke wa rika lake, alimkuta pale bombani. Meneja akafunga mlango, akavua koti. “Dada,” akasema, “hebu sogea kidogo.”