Mama Aliyekataa Fimbo

Mtaani walimwita Mama Sindano, kwa ushonaji wake na kwa ulimi wake. Asubuhi ile, katika ofisi ya mwalimu mkuu, ulimi ulikuwa umekauka. Mwanawe wa miaka kumi na mitano alikuwa amemvunja mwenzake jino, na hukumu imeshatoka: achapwe mbele ya darasa zima, la sivyo atafutiwe shule nyingine.

Mumewe, mchomelea vyuma, aliingia akinuka moshi, mkono tayari kwenye mkanda.

"Mwalimu, usijichoshe. Nitamnyoosha hapa hapa. Mimi baba alininyoosha, na nimenyooka."

"Umenyooka kama mundu," mkewe akasema. "Juzi sahani ilipasukia ukutani kwa sababu ya chumvi."

Mwalimu mkuu alikohoa kuficha kicheko. "Mama, tusitoke nje ya mada. Haya, Machozi, simama wima."

Kijana akasimama, taya limekaza, macho sakafuni.

"Nani huyo Machozi?" Mama Sindano aliuliza.

"Ni utani tu. Shule nzima humwita hivyo tangu alie darasani."

Kulia. Alilia wiki aliyozikwa bibi yake, aliyemlea tangu aachishwe ziwa. Nyumbani baba yake alimwambia, "Funga bomba hilo, wewe ni msichana?" na mjomba akacheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo kijana hakulia tena, wala hakulala vizuri. Alianza kupiga milango teke. Yeye mama aliona, akadhani ni ujana, utapita. Sasa akamgeukia mwalimu.

"Huyo aliyevunjwa jino alimwitaje?"

Mwalimu mkuu akaanza kupanga faili mezani.

"Alimwita hilo hilo unalomwita wewe, mwalimu. Mmemziba huku na huku, chungu kimefurika, mnashangaa kimewaunguza. Halafu dawa yenu ni kuongeza kuni."

"Kwa hiyo mwanao hana kosa?"

"Analo. Ameumiza mtoto wa mwenzangu. Ataenda kumwomba radhi, na jino litagharamiwa. Lakini hapigwi. Si na wewe, si na baba yake."

"Basi hana nafasi hapa."

"Mke wangu, unamharibu mtoto," mchomelea alisema, sauti imeshuka.

"Nilimharibu niliponyamaza."

Akamshika kijana mkono, wakatoka. Getini kijana akauliza, "Mama, sasa nitasoma wapi?"

"Sijui." Alisema kwa ukali, maana kweli hakujua, na hilo lilimuuma.

Walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa yule aliyevunjwa jino. Mlangoni kijana akasita. "Akinitukana?"

"Utamaliza ulichokuja kusema."

"Nikishindwa kujizuia?"

"Niko nyuma yako. Gonga."

Kijana akafungua ngumi, kidole kimoja kimoja, akagonga.