Kilio Chenye Mwenyewe

Mama anapochekecha unga wa muhogo, mimi hutoka nje. Sikosi sababu: mbuzi wa jirani wamefungwa vibaya, au nimesahau kaye yangu, daftari la shule, kwa rafiki yangu Lubunga. Ile harufu chachu ya muhogo uliolowekwa siku tatu, ukaanikwa juu ya mawe, ukatwangwa, ikinipanda puani pamoja na vumbi lake jeupe, kichwa huanza kuniwasha kana kwamba bado nimepakwa. Basi niseme mapema, kabla hamjasimuliwa na wengine, maana hapa Baraka redio ni chache lakini habari hazipungui: nilipokuwa na miaka kumi na mitatu niliiba kilio cha mama yangu, nikakipeleka jukwaani, na watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Msinihukumu haraka. Nihukumuni polepole, kuna mengi.

Sasa niko mwaka wa tano wa sekondari na ndevu tatu nimeshazihesabu. Wakati ule nilikuwa mwaka wa kwanza, na kila Alhamisi mchana shule nzima ilitoka na mapanga kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kuchimba mifereji kwa ajili ya taifa. Shule nzima, isipokuwa wanafunzi wa teatri. Mnaona sasa jinsi nilivyoipenda sanaa. Nilijiandikisha siku ile ile niliposikia kwamba wanaofanya teatri wanakaa kivulini.

Mwalimu wetu aliitwa Wilondja. Alikuwa amesomea michezo ya kuigiza Bukavu, akarudi kwetu na koti moja la abakosti, lile lisilovaliwa na tai, lililochakaa viwiko na njia ya kufundisha ambayo hatujawahi kuiona. Hakuanza kwa kutupa maneno ya kukariri. Alitutuma kuiba.

"Mutaenda mu mutaa," alisema, "kila mutu ataniibia mutu mumoja. Namna anatembea, namna anakohoa. Alhamisi mumulete hapa."

Lubunga, rafiki yangu tangu tukiwa uchi ziwani, alimwiba prefe, mkuu wa shule: jinsi anavyonyoosha shingo ndani ya kola yake kama kobe anayetafuta mvua. Tulianguka kwa kucheka. Mwalimu Wilondja naye alicheka, kisha akaitazama picha ya Kiongozi wa nchi pale ukutani, akaenda kufunga mlango.

"Huyo umurudishe kwa mwenyewe mbio," akamwambia. "Tena usipite naye barabarani."

Mchezo wetu ulikuwa wa sikukuu ya Chama cha Kiongozi, na ulimhusu kikongwe mmoja, Koko Mapengo, yaani Bibi Mapengo, ambaye mkwe wake amemlia kuku wake wa pekee, jina lake Malkia. Wasichana wawili wa darasa letu walikuwa wamekatazwa na baba zao kupanda jukwaani, kwa hiyo nafasi ya Koko nikapewa mimi, kwa sababu ya sauti yangu, ambayo ilikuwa bado haijaamua. Unga wa muhogo kichwani ndio ungekuwa mvi zangu. Mambo yote yalikwenda vizuri isipokuwa mahali pamoja. Pale Koko anapokuta manyoya ya kuku wake, kaye ya mchezo ilisema maneno mawili tu: Koko analia.

Nililia kama mbuzi. Nililia kama mtoto wa kuchanjwa. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Kilio yako haina mwenyewe. Ni ya nani hii?"

"Ni ya Koko, Mwalimu."

"Koko haiko. Koko ni unga na kitambaa. Enda utafute mwenye kulia kweli, umuibe."

Sikuhitaji kwenda mbali.

Kwetu tulikuwa wawili, mimi na dada yangu mdogo, Atosha. Alikuwa na miaka minane ziwa lilipomchukua, mwaka mmoja kabla ya mchezo huo. Tangu siku hiyo mama aliendelea kuanika ndagala zake, dagaa wa ziwani, mchangani na kuziuza sokoni kama kawaida, lakini hakukaa tena kwenye mkeka na wanawake wenzake. Harusi ilipita, yeye alipeleka sufuria yake ya wali akarudi. Wakiimba kanisani, midomo yake ilifungwa. Kazi ya kumchekesha niliichukua mimi, bila kupewa na mtu. Nilimwigia mchungaji anayepiga chafya katikati ya sala. Nilitembea kama bata. Nilijiangusha makusudi kutoka kwenye kinu. Mama alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayepokea zawadi asiyokuwa na mahali pa kuiweka, kisha akarudi kwenye ndagala zake. Mwaka mzima, ndugu zangu. Mimi niliyechekesha hata polisi, kwa mama yangu sikupata kicheko hata kimoja.

Kwa hiyo mchezo ulipokaribia nilimwambia, "Mama, uje. Niko koko. Utacheka."

"Nitaona," akasema.

Na kwa mama, nitaona maana yake ni hapana.

Hapa inanibidi niwaambie la pili, na hili sijawahi kumwambia hata Lubunga. Asubuhi ile ya Atosha, zamu ya kuteka maji ilikuwa yangu. Kulikuwa na upepo, maji baridi, na mimi nilikuwa na usingizi mtamu. Basi nikafanya teatri yangu ya kwanza kabla sijajua kwamba inaitwa teatri. Nililaza paji langu kwenye sufuria ya uji iliyotoka motoni, upande mmoja, mpaka likawaka, kisha nikarudi mkekani na kutetemeka. Mama alikuja akaweka kiganja chake. Akakiweka upande wa kulia, akakiweka na upande wa kushoto. Kikakaa hapo kidogo. Halafu akasema, "Atosha, enda weye leo." Dada yangu akachukua bidoni yake, dumu la njano la maji, akapita mlangoni akinitolea ulimi, maana yeye alikuwa anajua homa zangu. Wavuvi walimrudisha saa sita.

Wakati wa kilio, siku ya msiba, nilikuwa nimejificha chumba cha nyuma. Kupitia ukuta wa udongo nilimsikia mama katikati ya sauti za wanawake wote, akiita, akirudia jambo lile lile la maji, sauti yake ikipanda na kuvunjika mahali pamoja: "Atosha we, ni nani alikutuma mayi? Ni nani alikutuma?"

Niliziba masikio. Nilingojea mtu aje kunitoa. Hakuja mtu. Hakuna aliyeniuliza kitu, siku hiyo wala mwezi huo wala mwaka huo, lakini swali lilikaa nami kama mgeni asiyeaga. Nikiteka maji, liko. Nikila, liko. Ni nani alikutuma?

Basi Alhamisi iliyofuata agizo lile la kuiba kilio nilisimama mbele ya Mwalimu Wilondja, nikachuchumaa, nikakusanya manyoya ya Malkia kifuani, na nikatoa kilio hicho. Ile sauti inayopanda na kuvunjika. Ule mkono unaopiga paja, halafu unasahau kupiga, unabaki hewani. "Malkia we, ni nani alikutuma mayi? Ni nani alikutuma?" Kwa sababu kuku, mnajua, safari yake ya mwisho ni kwenye maji ya moto.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinijia karibu.

"Hii sasa iko na mwenyewe. Ni ya nani?"

"Ni ya mama mumoja wa Kazimia," nikasema. "Nilimusikia pa mashua."

Uongo ulitoka laini kama ugali wa jana jioni uliopakwa mawese. Na nisiwafiche: nilirudi nyumbani nikiruka. Wenzangu walipolicheka lile swali, kwa mara ya kwanza lilikuwa dogo. Nilidhani nimeling'oa meno.

Siku ya sikukuu tuliweka jukwaa la madawati uwanjani, na pazia la mablanketi ya bweni yaliyokuwa na harufu yake. Kwanza kulikuwa na nyimbo za Chama na ngoma, kisha hotuba, kisha hotuba ya kushukuru kwa hotuba. Wakubwa waliotoka Fizi walikaa kwenye viti vya mbele. Wanafunzi walikaa chini. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa wametandika mkeka wao mkubwa upande wa kulia. Nilichungulia kwenye tundu la blanketi, unga tayari kichwani, makalio ya vitambaa tayari nyuma, na nikamwona mama kwenye mkeka ule. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu ambacho kilikuwa kimelala sandukuni mwaka mzima. Hata mikunjo ilikuwa bado haijatoka. Mama Lubunga alikuwa amemkalia karibu, goti juu ya goti.

Sikufikiri jambo lolote la maana. Ningeweza kubadilisha kilio. Kile cha mbuzi nilikuwa nacho. Nilichofikiri ni kimoja tu: amekuja, leo atacheka.

Nilipotoka na mgongo wangu uliopinda na fimbo yangu, watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nilimtukana mkwe, wakacheka. Nilidondosha kalio moja, nikaliokota na kuliomba msamaha, wakacheka hata wakubwa. Kisha nikaona manyoya. Nikachuchumaa. "Malkia we, ni nani alikutuma mayi?"

Kicheko kilikuja kama wimbi, kutoka mbele na kutoka katikati. Upande wa kulia hakikutoka. Mkeka mzima ulinyamaza kwa pamoja, kama taa iliyopulizwa. Wanawake wale ndio waliomwosha dada yangu. Niliwaona, lakini nilikuwa nimeshalewa, na katikati yao nilimwona mama ameweka pembe ya kitenge mdomoni, mabega yanatikisika.

Mungu anisamehe, nilijua anacheka.

Mwaka mzima nimengojea mabega yale. Basi nikaongeza. Nikapandisha sauti, nikaivunja pale pale anapoivunja yeye, nikauacha mkono hewani, na nikatia maneno ambayo hayakuwa kwenye kaye wala kwenye repetisio zetu za mazoezi: "Malkia we, ulienda mayi, ukarudi supu!"

Uwanja ulianguka. Mkubwa mmoja alifuta machozi kwa leso. Na kati ya makelele yale nikasikia sauti ya Mama Lubunga, haikuwa kubwa, sauti ya mtu anayesoma bei: "Eh. Huyu mutoto."

Alimshika mama mkono, wakasimama. Na wanawake wote wakasimama. Wakaukunja mkeka. Ndipo mama alipoiondoa ile pembe ya kitenge usoni na nikaona kwamba si kicheko.

Nilimaliza mchezo. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote, mkitaka kujua: nilimaliza, na nilipigiwa makofi, na nikainama. Nyuma ya mablanketi Mwalimu Wilondja alinivua kitambaa cha kichwa yeye mwenyewe.

"Ule mama wa Kazimia," akasema, "ni ule ametoka na kitenge ya bluu?"

Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Alikikunja kile kitambaa taratibu, pembe kwa pembe, kama nguo ya mtu anayeheshimiwa, akanipa. 

Nilipita njia ya ziwani ili nisikutane na watu, nikakutana na watoto. Walinifuata mpaka kwenye mitumbwi: "Koko, Koko, supu iko wapi?" Siku nyingine ningewajibu, na wangejuta kuzaliwa. Siku hiyo nilitembea tu, unga ukinidondokea machoni na jasho, ukigeuka ubandiko.

Mama alikuwa ameshawasha moto. Kitenge cha bluu kilikuwa kimerudi sandukuni. Alikuwa na kanga yake ya ndagala. Nilisimama mlangoni nikingojea fimbo, na naapa niliitamani. Yeye alipima maji kwa kidole, akayamimina kwenye beseni, akaniashiria nichuchumae. Akaanza kuniosha kichwa kama nilipokuwa mdogo. Unga wa muhogo ukilowa hautoki kirahisi, unashika kama gundi; ilimbidi autoe kidogo kidogo, unywele kwa unywele, na vidole vyake havikunivuta hata mara moja.

Kile alichosema hapo sikukielewa kwa muda mrefu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilisikia tu kwamba sikupigwa. Ni mwaka jana, nilipomwona akimpima homa mtoto wa jirani, kiganja kulia, kiganja kushoto, ndipo nikasimama pale uani, nikajigusa paji. Upande mmoja wa paji langu ulikuwa wa moto, na upande mwingine baridi. Mwanamke anayemjua samaki wa jana kwa kumtazama jicho tu hawezi kushindwa na homa ya sufuria. Alijua. Alijua asubuhi ile ile, akaniacha nilale, kwa sababu kulikuwa na upepo na mimi nilikuwa mtoto na usingizi wangu ulikuwa mtamu. Na mzigo wa kuniacha nilale aliubeba peke yake, mpaka kwenye kilio, mbele ya wanawake wote, nami nikauchukua na kuwauzia watu supu.

Juu ya ile homa hatujawahi kuzungumza, yeye na mimi. Labda akichekecha unga siku moja nitakaa ndani. Lakini maneno yake ya jioni ile ninayo yote, kama alivyoyasema, mkono mmoja kwenye shingo yangu, mwingine ukinimwagia maji:

"Haukusikia muzuri, mwana wangu. Siyo 'ni nani alikutuma.' Nilisema, 'ni mimi nilikutuma.' Inamisha kichwa, unga ingali mu masikio."