Ndege ya Feruzi Ilitafutwa Hadi Yangambi

Mwezi wa saba 1960, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa Feruzi Salumu alifungasha virago akaondoka Kisangani, mji ambao kwenye mihuri ya ofisi ulikuwa bado Stanleyville. Alibeba friji, mapazia na mbwa wawili. Kwa ukarimu wake mkubwa alimwachia Feruzi, karani wake wa kupiga mashine, sanduku la vitabu vya hadithi: marubani wa vita wenye skafu shingoni, maharamia wa angani wanaoteka ndege zilizojaa dhahabu, na wasichana wanaozimia kila baada ya kurasa thelathini.

Feruzi alivisoma vyote mara mbili, akagundua kasoro moja. Hakuna rubani hata mmoja aliyezaliwa Kisangani. Basi akaamua kuwasaidia Wazungu kurekebisha kosa hilo. Kila ofisi ilipofungwa, alibaki na mashine, akapiga hadithi ya Kapteni Radi, mtoto wa mji, anayewakimbiza maharamia wa angani na kuficha ndege yake chini ya majani ya migomba kule Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Jumapili alipanda baiskeli hadi uwanja wa ndege wa Simi-Simi, akatazama ndege kupitia uzio. Huo ndio uliokuwa utafiti wake wote.

"Papa Safi," mkewe Hadidja alimwuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao, "huyu Kapteni yako anakulaka saa ngapi?"

"Rubani ya vita hana wakati ya kula."

"Bon. Na sisi je?"

Agosti 1964 waasi, walioitwa Simba, waliuteka mji. Walikuwa wakisaka wapelelezi nyumba kwa nyumba, na kwa Feruzi wakakuta kurasa mia mbili zinazoeleza ndege, mabomu na maficho. Mpelelezi gani mwingine angewarahisishia kazi namna ile? Wakampeleka kwa Komanda Augustin, kijana mwenye ngozi ya chui kichwani na maswali mengi.

"Kapteni Radi iko wapi?"

"Mon commandant, haiko mutu. Nilimutunga na kichwa yangu."

"Donc unamuficha. Na ndege?"

"Iko mu karatasi."

Komanda hakuwa mjinga wa kudanganywa na ukweli. Alituma watu kwa mashua hadi Yangambi. Wakapekua migomba ya watafiti siku mbili, wakarudi na mikungu mitatu ya ndizi, ushindi pekee wa angani waliowahi kuupata.

Kwa siku hizo Feruzi alikaa gerezani na Pierre, mwalimu ambaye kosa lake lilikuwa kumiliki redio. Asubuhi ya tatu Pierre aliitwa nje. Alimwachia Feruzi kofia yake amshikie, akasema anarudi sasa hivi. Hakurudi. Feruzi aliishika kofia ile mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza akatamani angekuwa ametunga hadithi ya kuku.

Alipoitwa yeye, Komanda alikuwa ameshafika sura ya tisa. "Sasa, yule haramia alimupiga risasi ama alimukosa?" aliuliza kwa hasira. Ndivyo Feruzi alivyoachiwa uhai, pamoja na amri: hadithi iendelee, ila Radi awe Simba. Tena afuate masharti ya dawa ya vita, ambayo hayaruhusu mpiganaji kugeuka kutazama nyuma. Feruzi alirudishwa nyumbani, akatoa jasho mezani wiki nzima akiandika vita vya angani vya rubani asiyeruhusiwa kuangalia nani yuko nyuma yake. Komanda alisema ni sura nzuri kuliko zote.

Asubuhi moja ya Novemba ndege za kweli zilifika, na askari wa miamvuli wa Kibelgiji wakamwagika Simi-Simi. Komanda Augustin alimkimbilia Feruzi nyumbani kwake.

"Alors, Radi anafanyaka nini hapa?"

"Mon commandant, hiyo sura sijaiandika."

Komanda alivua ngozi ya chui, akaiacha mezani na kutokomea upande wa Isangi.

Siku chache baadaye askari wa serikali nao walipekua nyumba. Kwa Feruzi wakaikuta nakala ya hadithi. Luteni wao aliisoma kwa umakini unaomstahili mtu aliyekomboa mji, akauliza, "Huyu rubani ya waasi, Radi, iko wapi?"

Safari hii Feruzi alifungiwa kambini. Hadidja ndiye aliyekwenda kumtetea, na khanga yake imefungwa vizuri.

"Luteni, bwana yangu anaogopaka ngazi. Mumupandishe pale juu ya meza, mutajionea."

Wakampandisha. Feruzi alishuka kwa tumbo, macho yamefumbwa, ameng'ang'ania mguu wa meza kama mtoto. Askari walicheka hadi wakaketi chini. Luteni aliandika kwamba mtuhumiwa hana uwezo wa kuruka, akamwachilia.

Feruzi alirudi nyumbani kwa aibu. Hadidja alimshika mkono hadi mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani. Karatasi za hadithi Hadidja alimpa mama mmoja muuza karanga, azifungie karanga zake. Juma lile lile mwanamume ambaye Feruzi hakumjua alibisha hodi, akiwa na kipande cha karatasi chenye mafuta ya karanga mkononi, akitaka kujua kama haramia alikufa.

"Alikufa," Feruzi alisema, akafunga mlango.