Doa la Bibo Kwenye Shati la Mwalimu

Enzi zetu sisi tuliosoma Msambweni, tukienda shule pekupeku na viatu vikingoja Idi, serikali hatukuisomea kwenye simu. Tuliisomea chini ya mkorosho wa uwanjani. Mabibo yalipoiva harufu yake iliingia hadi darasani, na mapumziko yakifika tulikuwa tukiyapigania kwa ngumi.

Mwalimu Hamisi wa darasa la tano alichoka kutuamua. Akatugawa mafungu matatu. Bunge likatunga sheria: hakuna kuchuma, linaloanguka ni la wote. Watendaji, wakiongozwa na Mwanasha mwenye mbio, wakawa wanalinda mti na kugawa mabibo. Mimi na wenzangu wawili tukawa mahakama, tumekalia dawati lililovunjika mguu. Korosho tulizichoma pamoja. Moshi ulitutoa machozi, na mwenye pupa aliungua midomo.

Wiki ya pili Mwanasha akatuletea mshtakiwa: Mwalimu Hamisi mwenyewe. Alikuwa amechuma bibo mtini, na maji yake yalimdondokea kwenye shati jeupe. Nyote mwajua doa la bibo halitoki, ufue utakavyofua.

Wenzangu wakainamisha vichwa. Nikabaki mimi. Nyumbani mama alikuwa akitukanya, "Mtoto hamnyoshei mkubwa kidole." Niliogopa, sitaficha. Lakini nilijua nikimwachilia, kesho mti utarudi kuwa wa wenye nguvu. Nikasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Umepatikana na hatia. Utafagia uwanja siku tatu."

Mwalimu akauchukua ufagio wa chelewa, akafagia siku zote tatu, hata ile ya mvua.

Siku hizi mjukuu wangu Salim huitaja mihimili mitatu ya serikali kwa pumzi moja, macho yakiwa kwenye simu. Juzi nilimuuliza, mkubwa akivunja sheria, nani atamwambia? Akanitazama, kisha akaenda kutafuta chaja. Simlaumu, maana hajapata kupewa mti.

Mkorosho wetu ulikatwa kitambo, nami huukumbuka kwa uchungu. Lakini nyuma ya nyumba yangu ninao mwingine, na mwaka huu umezaa. Jumamosi nitawaita wajukuu wote, na simu zibaki ndani. Watunge sheria yao, wachague walinzi na mahakimu. Wakishamaliza nitajifunga leso nyeupe, nichume bibo mbele ya macho yao, kisha nikae niingoje hiyo shikamoo.